Sindano ilikaa mkononi mwangu: siku nne za mafunzo ya upasuaji wa mawe ya figo

Kabla sijalipa ada nilimpigia simu mratibu nikamuuliza swali moja tu: nitashika sindano mara ngapi? Hakushangaa. Akanijibu, "Dokta, siku mbili za kwanza utashika mpaka mkono uchoke. Siku ya tatu na ya nne utashika kwa mgonjwa, ila mwalimu awe ameridhika na wewe kwanza." Nikalipa siku ileile.

Swali lile lilitokana na machungu. Miaka mitatu nyuma nilihudhuria warsha kama hii katika hospitali nyingine ya kibingwa, ambayo sitaitaja. Tulikaa ukumbini madaktari zaidi ya 40, macho kwenye skrini, tukimtazama bingwa mmoja akiondoa mawe ya wagonjwa watano kwa siku mbili. Alikuwa fundi kwelikweli, lakini muda mwingi kamera ilikuwa ndani ya figo. Kiwiko chake, mguu wake kwenye kanyagio, namna alivyoigeuza mashine ya eksirei, vyote hivyo hatukuviona. Nikarudi na cheti. Wiki chache baadaye akaja mama mmoja, jiwe limejaa figo ya kushoto, na nilipofika mezani sikuthubutu kuchoma ile sindano. Nikampasua ubavu kwa njia ya zamani. Alipona, nashukuru, lakini alilala wodini siku nyingi kuliko alizostahili, na kila alipojigeuza kitandani alijishika ubavu. Kila aliporudi kliniki nililiona lile kovu. Nina kinyongo na warsha ile hadi leo, kwa sababu ilichukua muda wa madaktari wengi ikawaacha walivyokuja.

Kwa msomaji asiye wa fani yetu: jiwe kubwa la figo halihitaji tena kumpasua mtu ubavu mzima. Unachoma sindano mgongoni, inapenya hadi kwenye kimoja cha vikombe vya figo vinavyopokea mkojo, unapitisha waya ndani ya sindano, unatanua njia juu ya waya huo, unaweka bomba, na kupitia bomba hilo unaingiza kamera na kifaa cha kuvunjia jiwe. Fernström na Johansson, madaktari wa Sweden, ndio walioandika juu ya njia hii kwa mara ya kwanza mwaka 1976. Leo miongozo ya Ulaya inaiweka kuwa chaguo la kwanza kwa mawe yanayozidi milimita 20. Bomba la kawaida ni namba 30 kwa kipimo cha mabomba ya hospitali (French), yaani upana wa milimita 10. Tundu la milimita 10, badala ya kovu linalozunguka nusu ya kiuno. Kuvunja jiwe kunafundishika haraka. Ugumu wote uko kwenye sentimita chache za mwanzo, pale sindano inapotafuta kikombe ambacho jicho halikioni.

Warsha hii ya pili imejengwa juu ya sentimita hizo, na ndiyo sababu naisifu.

Tulikuwa madaktari 12 kwenye meza nne. Siku ya kwanza asubuhi kulikuwa na mhadhara mmoja tu, wa mishipa ya damu ya figo. Mwalimu alianza na michoro ya Max Brödel, ambaye hakuwa daktari bali mchoraji wa vitabu vya tiba pale Johns Hopkins. Mwaka 1901 Brödel alichapisha kazi yake juu ya mishipa ya ndani ya figo, akaonyesha kwamba upande wa nyuma kuna ukanda ambako matawi ya mbele na ya nyuma yanakutana na damu ni chache. Zaidi ya miaka 100 imepita na bado sisi wa sindano tunatembea kwenye mstari wake. Mwalimu akachora kikombe ubaoni, mfano wa ua, akasema: ingia kileleni, usiingie shingoni. Pembeni mwa shingo ya kikombe ndipo inapopita mishipa mikubwa. Ukipita hapo ukatanua mpaka milimita 10, umeuchana mshipa. Nilikuwa nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi vitabuni. Mchana wake ndipo nilipoielewa.

Mchana tulipewa figo za nguruwe, ambazo kwa ukubwa na mpangilio wa vikombe zinakaribiana na zetu. Kila moja ilikuwa imezikwa chini ya tabaka za mafuta, nyama na ngozi, na mrija wa mkojo umefungwa kwenye katheta nyembamba ya kuingizia dawa inayoonekana kwenye eksirei. Tulivaa aproni za risasi na kinga za shingo kwa sababu mionzi ilikuwa ya kweli. Kila meza ilikuwa na ile mashine ya eksirei yenye umbo la herufi C, na kila meza ilikuwa na mwalimu wake asiyehama.

Niseme kwa undani nilichofundishwa, maana hapa ndipo ada yangu iliporudi. Unaielekeza mashine kwako kwa nyuzi kama 30. Unaishika sindano, namba 18 kwa kipimo cha sindano (gauge), kwa koleo refu ili vidole visikae ndani ya mionzi. Halafu unaichezesha taratibu mpaka kitako chake na ncha yake vipatane, na sindano nzima igeuke nukta moja nyeusi iliyokaa juu ya kikombe. Ukiona mstari badala ya nukta, hata mfupi kama punje, bado hujalenga. Ukishapata nukta unasukuma bila kuyumba, kisha unairudisha mashine wima kuangalia kina. Ukifika, unatoa kiini cha sindano na kusubiri. Tone la maji likichungulia kwenye kitako, uko ndani.

Mimi nilikuwa napata nukta, kisha naipoteza wakati wa kusukuma. Nikarudia, ikawa vilevile. Mwalimu wa meza yetu, mzee wa maneno machache, hakugusa mkono wangu hata mara moja. Aligusa kiwiko. "Hiki kinaruka," akasema. Akakunja shuka, akaliweka chini ya kiwiko changu, akaniambia nichome tena. Tone likatoka. Miaka yote nilidhani tatizo langu ni macho, kumbe ni kiwiko kinachoelea hewani! Katika ukumbi wa watu 40 nani angekiona kiwiko changu?

Kuna ubao uliobandikwa ukutani wenye majina yetu. Kila ukichoma, msaidizi anaandika mambo mawili: umefika au hukufika, na umetumia sekunde ngapi za mionzi. Mwanzoni nilichukia jina langu kuwa pale mbele ya wenzangu, baadaye nikauheshimu ule ubao. Mchomo wangu wa kwanza ulikula sekunde 94. Mwalimu alinionyesha kwamba nusu ya sekunde hizo mguu wangu ulikuwa umesahau tu kuachia kanyagio huku macho yamekwama kwenye picha isiyobadilika. Siku ile nilichoma mara 11, nikafika mara tano. Siku ya pili nilichoma mara 14, nikafika mara 11, na wa mwisho ulichukua sekunde 21. Mionzi hiyo ingemwingia mgonjwa, ingeniingia mimi, na ingemwingia sista anayesimama pembeni yangu kila wiki, kwa hiyo kuihesabu hadharani ni haki.

Nimemtaja sista. Warsha hii ina sharti ambalo sijaliona kwingine: daktari haruhusiwi kujiandikisha peke yake, lazima aje na muuguzi wake wa chumba cha upasuaji. Baadhi ya wenzangu walinung'unika kwa sababu ya gharama. Mimi nilikwenda na sista ambaye nimefanya naye kazi miaka sita, na nasema wazi kwamba bila yeye nusu ya niliyojifunza ingebaki kule kule. Wauguzi walikuwa na meza yao na mwalimu wao, muuguzi mkuu wa thieta ya pale. Walijifunza kupanga vyombo kwa mfuatano wa matumizi, kuushika waya usichomoke wakati daktari anabadilisha vitanuzi, kutambua mashine ya C inavyohitaji nafasi, na kusafisha nefroskopu, yaani kamera ngumu ya figo, na kamera laini inayopindika bila kuziumiza. Kamera laini ni dhaifu. Ikikunjwa vibaya ndani ya beseni au ikifunikwa na chombo kizito, imekwisha. Nimewahi kupoteza moja namna hiyo, na hakuna aliyekuwa amemfundisha yule kijana aliyeisafisha.

Jioni ya siku ya pili tulikaa wawili kupitia daftari lake. Alikuwa amechora meza nzima ya vyombo, kila kimoja na namba. Akaniuliza, "Dokta, huu waya wa pili wa akiba, kwetu tunao?" Nikamjibu hatuna. "Basi tusianze mpaka tuwe nao," akasema. Alikuwa sahihi. Waya wa kwanza ukichomoka njia imepotea, na damu haikusubiri ukatafute nyingine. Tuliandika orodha ya vifaa pale pale, na ndiyo niliyoipeleka kwa mganga mkuu niliporudi.

Siku ya pili kulikuwa pia na meza ya upasuaji wa tezi dume kwa njia ya mkojo, kwenye simyuleta, mashine ya mazoezi inayoigiza upasuaji. Kwangu ilikuwa marudio, kwa hiyo sitaiongelea sana. Kwa madaktari vijana niliona inawafaa: simyuleta ilipiga kelele kila walipovuka alama inayolinda msuli wa kuzuia mkojo, na mwalimu aliwaeleza vizuri kwa nini maji ya glaisini, ya kusafishia njia wakati wa kukata, yakiingia kwa wingi kwenye damu hushusha chumvi mwilini na mgonjwa akaanza kuchanganyikiwa, na kwa nini vifaa vya umeme wa ncha mbili, vinavyotumia maji ya chumvi, vimepunguza hatari hiyo.

Somo lililonikaa zaidi halikuwa na kifaa chochote. Waliliita somo la damu. Yule mzee wa meza yetu alisimama mbele, akazima projekta, akasimulia mgonjwa wake aliyefariki. Alieleza kila hatua: alipoingilia, alichokiona, dakika alizoendelea kuvunja jiwe wakati picha imeshakuwa nyekundu tupu, na kwamba daktari wa usingizi alimwambia mara mbili shinikizo la damu linashuka. Sauti yake haikutetemeka lakini hakututazama. Halafu akatufundisha: damu ikiziba macho, acha jiwe. Ingiza katheta kubwa kupitia njia ileile, ifunge, subiri damu igande na kujizuia yenyewe, rudi siku nyingine. Isipokoma, au ikirudi siku kadhaa baadaye, mpeleke mgonjwa kwa wataalamu wa radiolojia wazibe mshipa kutoka ndani, na ujue kabla hujaanza kama huduma hiyo ipo na iko umbali gani. Sijawahi kumsikia mwalimu wa upasuaji akizungumza hivyo mbele ya wanafunzi. Ninamshukuru sana.

Siku ya tatu tukaingia kwa wagonjwa. Nilikuwa na wasiwasi na jambo hili, kwa sababu mgonjwa mbele ya wageni anaweza kugeuka maonyesho. Jumuiya ya Urolojia ya Ulaya ilitoa mwaka 2014 msimamo wake kuhusu upasuaji wa kuonyesha, na moja ya masharti ni kuwepo mtu wa kumtetea mgonjwa. Hapa sharti hilo lilitekelezwa kwa vitendo. Daktari mmoja wa hospitali, asiyefundisha kwenye warsha, alipewa kazi hiyo na mamlaka ya kusimamisha chochote. Kila mgonjwa alikuwa ameelezwa na kuridhia kwamba madaktari wanaojifunza watakuwepo na mmoja wao atashika sindano chini ya usimamizi. Orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani, ile ya 2008 yenye vituo vitatu, ilisomwa kwa sauti kila mara, na aliyeisoma alikuwa muuguzi.

Mgonjwa wa pili alikuwa ameshafikishwa mlangoni. Yule daktari mtetezi akauliza majibu ya kuotesha mkojo, kipimo cha kutafuta vijidudu. Yalikuwa hayajatoka, na asubuhi ile mgonjwa alikuwa na homa kidogo. Akasema hapana. Watu walikuwa wameshanawa, mshiriki aliyepangiwa zamu alikuwa ameshavaa gauni. Hakuna aliyebishana. Jiwe lenye vijidudu ukilivunja huku unasukuma maji ndani ya figo, vijidudu vinaingia kwenye damu, na usiku wake mgonjwa anaweza kuwa chumba cha wagonjwa mahututi. Mshiriki yule akapoteza zamu na akapewa nyingine kesho yake. Kwa kitendo kile kimoja niliiamini hospitali ile.

Zamu yangu ilikuwa ya tatu. Mgonjwa kalala kifudifudi, jiwe liko kwenye kikombe cha chini na sehemu pana ya figo. Tulikuwa tumeshaziangalia picha za CT kuhakikisha utumbo mpana haupiti nyuma ya figo, na tulichagua njia iliyo chini ya ubavu wa 12 ili tusiguse utando wa pafu. Nikaweka kiwiko juu ya shuka lililokunjwa. Nukta ilikuwa inacheza, kwa sababu figo ya mtu aliye hai, tofauti na zile za mezani, hupanda na kushuka na pumzi. Mwalimu akamwambia daktari wa usingizi, "Tunaomba pumzi." Mashine ya kupumulia ikasimama pumzi ikiwa imetoka, kila kitu kikatulia, nikasukuma. Nikatoa kiini. Sekunde mbili, tatu. Mkojo ukachungulia, safi, ukadondoka kwenye glavu yangu.

Waya ukateremka hadi kwenye mrija wa mkojo, wa pili ukafuata, nikatanua mpaka namba 30. Nusu ya kwanza ya jiwe alivunja mwalimu akinieleza, nusu ya pili nikamalizia mimi. Sista wangu ndiye aliyekuwa mezani.

Sasa kasoro, maana zipo na nimewaandikia waratibu. Mchana wa siku ya pili tulipoteza saa mbili tukimsikiliza mwakilishi wa kampuni ya vifaa akitangaza mashine mpya ya leza. Ni mashine nzuri, lakini hakukuwa na mazoezi, yalikuwa maneno na picha, na saa mbili hizo zingetosha kila mmoja wetu kuchoma mara tano zaidi. Ya pili ni kubwa kuliko hiyo. Kuchoma kwa kuongozwa na altrasaundi kulipewa saa moja tu, jioni, watu wamechoka. Wapo washiriki ambao hospitali zao hazina mashine ya C kabisa, na altrasaundi wanayo. Haina mionzi, inaonyesha utumbo na ini na wengu vilivyo njiani, na inafaa hata kwa mjamzito anayehitaji figo iliyoziba itolewe mkojo. Kwa madaktari hao saa ile moja ndiyo ilikuwa warsha yote. Niliwaona wakiondoka na masikitiko niliyoyajua vizuri. Meza yao pia ilikuwa na altrasaundi moja, na waliokuwa nyuma hawakukishika kile kishikio chake kinachopitishwa juu ya ngozi kwa zaidi ya dakika chache.

Baada ya warsha hawakuachi. Unatakiwa kurekodi video za upasuaji wako mara tano za kwanza, bila jina wala uso wa mgonjwa, na mwalimu wa meza yako anazitazama kisha mnaongea kwa simu. Mzee wangu hutazama kila kitu. Kwenye rekodi ya pili aliniambia dakika niliyoanza kuharakisha, na kweli, ndipo niliposikia kuwa mgonjwa mwingine anasubiri nje.

Mpaka leo nimeshafanya saba. Mmoja wao, sindano ilipofika, kilichotoka kilikuwa cheupe na kizito. Usaha. Nilikuwa na jiwe mbele yangu, picha nzuri, mkono umetulia, na nakiri kwamba mwili mzima ulitaka kuendelea. Sista hakusema neno, aliweka tu katheta ya kutolea mkojo mkononi mwangu badala ya kitanuzi. Nikaiweka, tukafunga, mgonjwa akapewa dawa. Baada ya wiki kadhaa akarudi, tukamtoa jiwe, akaenda nyumbani kwa miguu yake.

Waratibu wamejibu barua yangu. Mwakilishi wa kampuni hatapewa tena saa za mazoezi, na katika awamu ijayo siku ya pili yote itakuwa ya altrasaundi, kwa mashine nne. Nimeandikisha daktari kijana wa idara yangu. Sista naye anarudi, safari hii wamemwomba asimamie meza ya wauguzi, na tangu wiki iliyopita anaichora upya ile meza ya vyombo kwenye karatasi kubwa.